Hodi kutoka juu ya paa: darubini yangu ya kwanza na nilichojifunza kabla ya Idd



Majuzi binti mmoja ambaye harusi yake inakaribia alinijia na swali. "Dada, mchumba wangu ni mtu wa bahari. Nataka kumpa zawadi ya darubini. Ninunue ipi?" Nilicheka mpaka akashangaa. Nilicheka kwa sababu swali hilo lilikuwa langu miaka minane nyuma, na sikumuuliza mtu. Ningeuliza, nisingetupa pesa zangu za hina, wala nisingeingia Ramadhani ya kwanza ya ndoa yangu nikiwa sisemeshwi na jirani.

Basi nimeona niyaandike yote mahali pamoja, ya darubini na ya jirani, maana kwangu yalikuja pamoja.

Zawadi ya namba kubwa

Niliolewa mwezi wa Rajab. Mume wangu ni nahodha wa boti ndogo, anapeleka wageni Changuu na kwenye fungu la mchanga. Mimi nilikuwa napaka hina maharusi wa watu, na kwa miezi mitatu kabla ya harusi yangu nilikuwa naweka pembeni kidogo kidogo, kwa siri. Nilitaka siku ya saba nimkabidhi kitu ambacho hakukitarajia.

Nikaingia duka moja, nikaonyeshwa darubini nyeusi yenye vioo vyekundu vinavyong'aa kama rubi. Ubavuni imeandikwa 10-180x100. Muuzaji akaniambia, "Hii inavuta mara mia na themanini, utaona mpaka Bagamoyo." Pembeni yake palikuwa na nyingine, nzito, imechoka, imeandikwa 7x50. Nikajiuliza nani atataka saba mbele ya mia na themanini? Nikalipa, nikaifunga kwa karatasi ya dhahabu na utepe.

Mume wangu alipoifungua alisema, "MashaAllah, nzuri sana." Akaenda nayo baharini siku moja. Aliporudi nikamuuliza imefaaje. "Nzuri sana," akarudia maneno yale yale. Baada ya hapo sikuiona tena mkononi mwake.

Wiki ya saba ya ndoa nilikuwa natoa nguo kabatini, nikaikuta chini ya kanzu zake za baridi. Si kwamba imewekwa, imefichwa. Dada zangu, mnajua moyo wa bi harusi mpya ulivyo. Kitu kidogo unakisoma kama barua ndefu. Sikumwambia kitu. Nilisema moyoni, kama yeye hataitumia, nitaitumia mimi.

Na siku ile ilikuwa tarehe 29 Shaaban.

Juu ya paa la Malindi

Nyumba ya wakwe zangu iko Malindi, Mji Mkongwe, na juu kuna sehemu ya wazi tunayoanikia nguo. Upande wa magharibi unaona bahari mpaka inapokutana na mbingu. Kwa kutafuta mwezi mwandamo, hakuna pahala pazuri zaidi.

Nikapanda peke yangu magharibi ile, darubini shingoni. Jua lilipozama nikainua. Sikuona kitu. Nikazungusha kile kidude cha kuvuta zaidi, giza likaongezeka na kila kitu kikawa kinaruka ruka. Nikashusha kidogo, nikaelekeza kwenye mapaa nijaribu kama inafanya kazi, nikageuka huku, nikageuka kule. Sikumwona mtu. Kwa hakika sikuona chochote, maana ilikuwa kama kuchungulia ndani ya chungu chenye moshi.

Lakini mimi nilionwa.

Ua wa jirani yetu uko chini ya paa letu. Yeye na binti zake walikuwa wanaanua nguo, vichwa wazi, kanga moja moja, kama mwanamke anavyokaa kwake. Wakainua macho, wakamkuta bi harusi wa nyumba ya pili kawaelekezea darubini.

Baada ya Isha alikuja kwa mama mkwe wangu. Nilikuwa ndani, nikasikia. "Bi mkubwa, nakuheshimu, lakini huyo mke wa mwanao anatuchungulia. Nyumba ni sitara. Kama sitara hatuna hata uani kwetu, tutaipata wapi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitoka, nikasema nilikuwa natafuta mwezi. Akanitazama, akasema, "Mwezi uko chini kwangu?" Akaondoka. Usiku ule ikatangazwa kwamba mwezi umeonekana, watu wakapeana hongera za Ramadhani, na mimi nilikuwa nalia chumbani.

Mume wangu alinikuta hivyo, na hapo ndipo yote yakatoka. Nikamuuliza kwa nini aliificha zawadi yangu. Akanyamaza, kisha akasema, "Nilipoinua kule baharini sikuweza hata kuliona boya. Nikaona nikikwambia nitakuvunja moyo." Nikamwambia, "Basi umenivunja mara mbili." Ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza, na Alhamdulillah ulituacha na ahadi moja tunayoishika mpaka leo. Kitu kikiwa hakifai, tunaambiana.

Somo la baba mkwe

Baba mkwe wangu, Allah amrehemu, alikuwa baharia wa meli ujana wake. Siku ya pili baada ya futari aliniita barazani. Alikuwa na darubini yake mapajani, kuukuu, rangi imechubuka, na imeandikwa, mtaamini? 7x50. Ndugu yake na ile niliyoikataa dukani.

"Mwanangu," akasema, "lete hiyo yako na rula ya watoto."

Akanifundisha hivi, nami nawafundisha.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu. Saba maana yake meli iliyo mita 700 unaiona kama iko mita 100. Namba ya pili, baada ya ile alama ya x, ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa mlango wa kuingilia mwanga. Akaniambia pima. Kioo cha darubini yangu, iliyodai 100, kilikuwa kama milimita 40. "Mia moja ni upana wa kisahani," akasema. "Kisahani kiko wapi hapa?" Dada yangu, ukienda dukani chukua rula. Namba ya kwanza huwezi kuipima kwa urahisi, lakini ya pili unaipima, na anayesema uongo kwenye ya pili usimwamini kwenye ya kwanza.

Kisha akanifundisha kugawanya. Chukua namba ya pili, gawa kwa ya kwanza. 50 kwa 7 ni kama milimita 7. Huo ndio upana wa mwale wa mwanga unaotoka kuingia jichoni mwako. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kufika karibu milimita 7, na umri ukienda hupungua, huwa 5 au chini ya hapo. Kwa hiyo 7x50 inajaza jicho wakati wa magharibi na usiku. 8x42 inatoa kama 5, nayo ni nzuri asubuhi na jioni. Ndogo ya mfukoni, 10x25, inatoa 2.5, inafaa mchana wa jua kali lakini magharibi inakuwa giza. Ndiyo maana yangu ilikuwa chungu chenye moshi. Hata tukiiamini namba yake, 100 kwa 180 haifiki milimita moja.

"Na jambo la mwisho," akasema. "Ikikuza kitu mara saba, inakuza na mtetemo wa mkono wako mara saba. Bahari inatikisa, mkono unatikisa, nawe unataka uzidishe?" Kwa mkono mtupu, mara 10 ndiyo mwisho kwa watu wengi. Juu ya chombo kinachoyumba, 7 ndiyo salama. Zaidi ya 10 unahitaji stendi ya miguu mitatu au pa kuegemea.

Nilimsikiliza, na nikajiona. Nilinunua namba. Sikujiuliza mume wangu anasimama wapi anapotazama, anatazama nini, na saa ngapi. Sikumjua bado, nikadhani kikubwa kitatosha badala ya kumjua.

Sasa, ipi kwa kazi gani?

Nawapangia kama nilivyompangia yule binti.

*Kwa mtu wa bahari:* 7x50. Iwe isiyopitisha maji, na zile nzuri hujazwa nitrojeni ndani ili vioo visiingie ukungu. Ni nzito, nyingi zinakaribia kilo moja, kwa hiyo ukanda wa shingoni uwe mpana. Nyingine zina dira ndani, nahodha atakushukuru.

*Kwa mwezi mwandamo na nyota:* 7x50 au 10x50. Usiku ukitulia egemea ukuta, mtafute Mushtarii kwa 10x50, utaona vinukta vidogo vimejipanga pembeni yake. Hiyo ni miezi yake minne mikubwa, ile Galileo aliyoiona kwa darubini yake Januari 1610.

*Kwa fungate ya mbugani, ndege na wanyama:* 8x42. Inaonyesha sehemu pana, mkono hauchoki, na chini ya miti ya Jozani kwenye kivuli bado utaona vizuri. Kima punju wenyewe wanakuja karibu, hawahitaji darubini, lakini ndege wa juu ya miti wanahitaji. Ukienda uwanda wa wazi kama Serengeti, wengine wanapenda 10x42.

*Kwa safari, uwanja wa mpira na watoto:* 8x25 ya kukunja. Inaingia kwenye mkoba pamoja na msahafu mdogo na maji. Ya mchana tu.

Zile za kuvuta kidogo kidogo mpaka mia, na zile zenye vioo vyekundu sana, ziacheni. Wekundu ule unarudisha nje sehemu ya mwanga ulioulipia. Kioo kilichopakwa vizuri huwa kinaonyesha kijani au zambarau hafifu, na sura yako haionekani sana ndani yake.

Ukiishika dukani, fanya mambo matatu. Kwanza, ishike mbali na uso kama urefu wa mkono, elekeza kwenye mwanga wa mlangoni, usielekeze juani. Tazama ile duara ndogo ya mwanga kwenye kioo cha machoni. Ikiwa duara kamili, vioo vya ndani ni vizuri, ikiwa imekatwa pembeni kama mraba, ni vya bei ndogo. Pili, kunja au fungua mpaka macho mawili yaone duara moja. Tatu, fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa, kisha fumba la kushoto, zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia. Baada ya hapo tumia gurudumu la katikati tu. Ukiona vitu viwili viwili au kichwa kinaanza kuuma, rudisha, vioo vyake havikukaa sawa.

Kwetu wanawake kuna yetu. Mwenye miwani akunje zile mpira za machoni, na achague darubini inayokuruhusu kuweka jicho mbali kidogo, milimita 15 au zaidi. Mwenye nikabu, pumzi inapanda juu na kufanya ukungu kwenye vioo. Pumua taratibu kwa pua na uishike mbali kidogo na uso kabla ya kutazama. Ukanda nao huvuta ushungi, kwa hiyo uvae kabla ya mtandio wa juu au uupitishe begani.

Na hewa yetu ya chumvi na unyevu ina adui anaitwa kuvu. Huota ndani ya vioo kama utando wa buibui, hakitoki. Usiifungie darubini kwenye mfuko wake kabatini miezi. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba. Wala usifute kioo kwa ncha ya kanga. Puliza kwanza vumbi na mchanga, kisha kitambaa laini cha miwani.

Onyo moja ambalo silifanyii mzaha. Unapotafuta mwezi, darubini isiinuliwe mpaka jua lizame lote. Jua kupitia darubini linaunguza ndani ya jicho kwa nukta moja, na sehemu inayoungua haina maumivu, kwa hiyo hutajua mpaka umeshachelewa. Waambieni na watoto.

Jicho lina adabu yake

Vioo nikawa nimevielewa, lakini jirani bado. Siku zinakwenda, futari inapelekwa huku na huku, sinia zinapita mlangoni kwake, na salamu yangu inaitikiwa kwa nusu mdomo. Nilikuwa nasema moyoni, mimi sina kosa, sikuona kitu.

Mama mkwe aliniambia kwa upole, "Mwanangu, yeye hana habari uliona nini. Yeye anajua alionwa."

Neno lile lilinikaa. Katika Suratun-Nuur tumefundishwa kutoingia nyumba za watu mpaka tupige hodi na kutoa salamu, na hazijapita aya nyingi waumini wanaume wakaamrishwa kuinamisha macho, kisha waumini wanawake nao wakaamrishwa. Na Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Mimi nilikuwa nimeingia ua wa mtu kwa jicho, na jicho lenyewe nikaliongezea nguvu, bila hodi. Kwamba kioo kilikuwa kibovu ni rehema tu ya Mwenyezi Mungu, si utiifu wangu.

Neno "darubini" lenyewe limetoka Kifursi, maana yake ni kinachoona mbali. Halikusema kione nini. Hilo limeachwa kwa mwenye kuishika.

Nilimwambia mama nataka kwenda kuomba msamaha. Akasema, "Nenda, na kitu chenyewe kichukue."

Nikaenda kumi la mwisho, baada ya tarawehe, na sahani ya kaimati mkono mmoja na darubini yangu mkono wa pili. Nilitoa shikamoo, nikasema, "Mama yangu, nimekuja kukuomba radhi. Nilikuwa natafuta mwezi, lakini nilikosa. Ilikuwa nipige hodi." Kisha nikampa ashike, atazame mwenyewe.

Akainua, akatazama taa ya mwisho wa uchochoro. Akazungusha. Akashusha, akanitazama. "Hii?" akasema. "Hii ndiyo iliyoninyima usingizi? Hii hata paka aliye mbele yangu simwoni." Akaanza kucheka, binti zake wakacheka, na mimi nikacheka na machozi yananitoka. Akanishika mkono akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini kuanzia sasa ukipanda, sema."

Hodi

Basi tarehe 29 Ramadhani, kabla ya magharibi, nilipanda na baba mkwe na ile 7x50 yake. Kabla sijafika kwenye ukingo nikaita kwa sauti, "Hodi jamaniii! Tunatafuta mwezi!" Kutoka chini zikasikika kicheko na milango, kisha sauti, "Karibuni, tumeshajistiri!" Baada ya muda kidogo jirani mwenyewe akawa amepanda ngazi zetu, buibui begani, anahema.

Jua likazama. Tukafungua saumu kwa tende na maji pale pale. Baba alikuwa na utaratibu wake. Anaweka alama pale jua lilipozamia, anatafuta juu yake kidogo na pembeni kwa darubini, akiupata anatoa darubini na kuutazama kwa macho matupu. Wanazuoni wana maneno yao juu ya vyombo vya kutazamia mwezi, na mimi si wa kutoa fatwa. Nasimulia tu alivyokuwa akifanya.

Akanipa mimi. Mkono wangu ulitulia kwa mara ya kwanza. Niliona mstari wa bahari, wingu moja refu lenye ukingo mwekundu, jahazi. Mwezi sikuuona.

"Ule pale," jirani akasema.

Hakuwa na darubini. Alikuwa ameweka kiganja juu ya macho tu. Tukafuata kidole chake, na kweli, juu ya lile wingu, mwembamba kama uzi, umelala kama jahazi jinsi unavyolala huku kwetu. Baba akaleta takbira. Jirani akanikumbatia, akaninong'oneza, "Idd njema, bi harusi."

Mwaka uliofuata nilimnunulia mume wangu 7x50, tukaenda dukani pamoja, na rula. Iko kwenye boti mpaka leo, chumvi imeila kidogo rangi. Ile ya kwanza wanangu wanaichezea.

Yule binti aliyeniuliza nimempa jibu fupi: kabla ya kumuuliza muuzaji, muulize mchumba wako anatazama nini, akiwa wapi, na saa ngapi. Akasema, "Lakini nitaharibu zawadi, haitakuwa ya kushtukiza tena." Nikamwambia, mwache ajue. Afadhali ajue anachopewa kuliko aje kukificha chini ya kanzu.

Na wewe mwenye paa refu, kabla ya kuinua chochote machoni, piga hodi.

Wabillahi tawfiq. Tukutane panapo majaaliwa.